Siku Niliyoombea Chakula cha Mtihani

Siku hizi nikikaa mezani na watu wakanigeukia waniambie, "Mzee, tuombee chakula," huwa natamani ardhi ipasuke niingie, na mimi ni mzee wa kanisa, mtu ambaye huku kwetu Runyenjes nilikuwa naitwa kuomba hata siku mashine mpya ya kusaga mahindi inapowashwa. Wengine hudhani nimekuwa mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni aibu tupu, na leo naisimulia kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa wengine (maana pale kiwanda cha kahawa wameshaitia chumvi, wanasema niliwawekea wageni mikono nikatoa pepo, jambo ambalo sikulifanya).

Wanja ni kitinda mimba wangu. Wakubwa wake walishaoa na kuolewa, kwa hivyo mama yake alipofariki, yeye akiwa bado sekondari, tulibaki wawili katika nyumba ile, mimi na yeye. Alipomaliza shule akaniambia anataka kusomea upishi na mambo ya hoteli katika chuo kikuu kimoja cha kibinafsi huko Meru mjini, vile vyuo ambavyo havikufundishi maneno matupu bali kazi, unatoka pale unajua kukata kitunguu bila kulia na kutandika kitanda bila mkunjo hata mmoja. Nilinung'unika kidogo, nikauliza kupika si alifundishwa bure na mama yake? Kisha nikanyamaza, kwa sababu marehemu ndiye aliyekuwa akisema huyu mtoto ana mkono, na mimi sikutaka kumzungumzia marehemu zaidi ya hapo.

Sasa, chuo kile kina mkahawa wake hapo hapo ndani, na wanafunzi wanaomaliza hufanyiwa mtihani mle, wanapikia wageni wa kweli na kuwahudumia mezani, na kila mwanafunzi anaruhusiwa kumwalika mtu wake mmoja. Wanja alinialika mimi. Alinieleza kwenye simu kwamba siku hiyo atakuja mtahini, mpishi mkuu wa hoteli kubwa upande wa Nanyuki, na kwamba atakayempendeza atachukuliwa kazi moja kwa moja. Yeye alipewa kupika kitu fulani cha mayai na jibini, jina lake ni la Kifaransa na ulimi wangu haujawahi kuliweza hadi leo.

"Baba, kinafura kwenye ovena mpaka kinapita bakuli," akaniambia. "Lakini kikitoka nje hakingoji mtu. Lazima kifike mezani saa hiyo hiyo, la sivyo kinaanguka, na kikianguka hata mimi nimeanguka."

"Haya, nimeelewa."

"Na Baba, please. Pale hakuna maombi ya pamoja. Kila mtu anaomba na roho yake. Wewe ukiletewa chakula, kula tu."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, masikio yangu ni mazima, lakini mnajua wahenga walisema nini kuhusu sikio la kufa.

Siku ikafika. Nikavaa suti yangu ile ya kijivu, nikapanda gari mapema, nikafika Meru kabla ya wageni wengi, nikapelekwa mezani na kijana aliyevaa glavu nyeupe ambaye alinivutia kiti kwa heshima mpaka nikakaribia kumwambia akae yeye. Meza yetu ilikuwa na mama mmoja wa kutoka Nkubu, mama wa mwanafunzi mwingine, mtu mchangamfu sana aliyevaa kitambaa cha umoja wa akina mama kichwani. Jikoni kulitenganishwa nasi na kioo kikubwa, kwa hivyo nikamwona Wanja wangu akiwa na kofia ndefu nyeupe, ameinama mbele ya ovena kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Hakuniona. Nikajisikia fahari ambayo haina jina, na katikati ya fahari ile kitu kikanichoma, kwa sababu namna alivyoshika kile kitambaa cha kutolea vyombo vya moto ilikuwa namna ya mama yake kabisa.

Ndipo yule mama wa Nkubu akaniuliza, "Mzee, wewe si ni mtu wa kanisa? Nakuona tu. Basi tuombee kidogo kabla hawajaleta."

Hapo ndipo ningesema, "Tuombe kimoyomoyo, mama," na leo nisingekuwa na mkasa wowote. Lakini nikajiambia, kidogo tu. Yule mama alimaanisha niinamishe kichwa nisemee meza yetu. Mimi nikasimama. Sijui kuomba nikiwa nimekaa, sijawahi, na sauti yangu ni ya kuombea mazishini, nje, mahali vipaza sauti vimezima.

"Na tusimame kwa maombi," nikasema.

Na watu wakasimama! Mkahawa mzima! Nyinyi ni watu wa huku, mnajua, ni nani amelelewa milimani huku anayeweza kubaki amekaa anatafuna wakati mzee ameinua mikono? Vijana wa kuhudumia waliokuwa njiani na sahani wakaganda pale pale walipokuwa, kwa sababu kwetu hakuna anayetembea watu wakiomba. Hata yule mtahini akainuka akafumba macho (niliambiwa baadaye kwamba ni mzaliwa wa Chuka, kwa hivyo angefanya nini?).

Nikashukuru kwa safari. Nikashukuru kwa chuo, kwa walimu, kwa gesi na kwa maji ya mfereji. Nikaombea mvua, nikaombea kahawa, nikaombea wagonjwa walio hospitalini Embu na wale walio Meru nisije nikaonekana na upendeleo. Yule mama wa Nkubu akawa ananisukuma mbele, "Amina! Ndiyo, Mwathani, Bwana wetu!" na nyinyi mnajua mtu akiitikiwa hivyo huwa hafungi. Mimi nikiwa nimefumba macho sikujua kwamba huko nyuma ya kioo Wanja alikuwa ameshatoa bakuli zake kwenye ovena, zimefura vizuri kuliko siku zote za mazoezi, akazipanga kwenye trei, akafika mlangoni, akakuta baba yake amesimamisha dunia.

Ningefunga hapo, pengine zingepona. Lakini nikasema, "Na ubariki mikono iliyotengeneza chakula hiki," na kwa kusema mikono tu, ile picha ya kitambaa ikarudi, nikajisikia nikiendelea, "na umkumbuke yule aliyemfundisha mtoto huyu kushika mwiko, ambaye hayupo leo kumwona, Baba, ambaye ulimchukua kabla..." Nikakwama. Nikatamka jina lake, Marigu, mbele ya watu nisiowajua, na kilio kikanitoka cha mtu mzima, kile kibaya, chenye sauti.

Nanyi mnajua mtu akizidiwa na maombi kwetu huwa haachwi peke yake. Yule mama wa Nkubu akaanzisha wimbo wa faraja. Watu wakaupokea. Mkahawa wa chuo kikuu, vitambaa vyeupe mezani, glasi za shingo ndefu, ukageuka matanga, na wimbo ule una beti nyingi, nao waliziimba zote.

Nilipofumbua macho nilimwona Wanja. Alikuwa mlangoni bado, trei mikononi, uso wake hauna kitu. Zile bakuli zilikuwa zimeshuka, katikati zimebonyea kama kofia iliyokaliwa na mtu. Mwalimu wake akamgusa bega akamnong'oneza, naye akatembea mpaka kwenye meza ya mtahini na kuweka sahani upande unaotakiwa, kwa mkono unaotakiwa, akasema maneno yanayotakiwa. Mtahini akaitazama, akachota kidogo na kijiko, akaandika.

Hapo mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikaenda kwenye meza ya mtahini kurekebisha mambo.

"Bwana," nikamwambia, "hii ni makosa yangu. Msichana anapika vizuri sana, mimi mwenyewe nimekula chakula chake miaka mingi na unaniona niko hivi."

"Mzee, nimeelewa," akajibu kwa upole. "Pole sana kwa mama. Lakini hotelini pia kuna wateja wanaochelewesha, na sisi tunapima kilichofika mezani."

"Apike kingine basi! Tutangoja! Mimi sitaomba tena!"

Kuna watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

"Baba," Wanja akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponisemesha siku hiyo. "Baba, keti."

Nikaketi. Nikala ile yangu yote, ikiwa imepoa na imenywea, nikakwangua bakuli, na kwa kutaka kuonyesha ilivyo tamu nikaomba nyingine, na yule kijana wa glavu akaniambia kwa heshima kwamba ni moja moja. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mtoto. Kazi ya Nanyuki ikachukuliwa na mwanafunzi mwingine, na Wanja akaambiwa arudie sehemu hiyo ya mtihani muhula unaofuata. Alinisindikiza hadi getini, akaniambia niwahi gari, akarudi ndani. Ningependelea anigombeze.

Baada ya hapo simu zetu zikawa fupi. Uko sawa, niko sawa, ng'ombe yuko aje, yuko sawa. Nilijua mtihani wa pili unakaribia, nikapiga suti pasi, nikaitundika mlangoni, nikangoja anialike. Kisha asubuhi moja niko kwenye foleni ya kupima kahawa, jirani yangu Nyaga akanipiga bega, "Hongera, mzee! Kumbe Wanja amepita! Shangazi yake alikuwa huko, anasema walikula mpaka wakasahau nyumbani." Nikacheka naye, nikasema asante, nikajifanya najua. Nilipofika nyumbani nikaiondoa ile suti mlangoni, na siwadanganyi, iliniuma kuliko siku ile ya kuchekwa.

Wanja alikuja nyumbani mwisho wa mwezi huo. Akapika viazi na kunde, chakula cha kawaida, akanipakulia. Tukakaa. Akangoja niombe. Nikasema, "Asante Mungu, amina," nikashika kijiko, naye akaniangalia.

"Sikukualika, Baba."

"Najua. Una haki. Niliharibu."

"Unafikiri ni kwa sababu ya chakula?"

Nikamwambia ni sababu gani nyingine, maana mimi mwenyewe niliona zile bakuli.

"Zile zingeanguka tu, hata mwalimu alisema ovena ilikuwa na shida," akasema (na hilo sijui kama ni kweli au alinihurumia). "Mimi nilisimama pale na trei nikasikia unaita jina la Mama. Tangu tumzike, Baba, hujawahi kulitaja jina lake katika nyumba hii. Nikilitaja mimi unatoka nje kuangalia ng'ombe. Nililia peke yangu mpaka nikazoea. Halafu ukaenda ukamlilia na watu wa Nkubu."

Miguu ilitaka kuniinua nitoke nje, kwa ng'ombe, kama alivyosema, nikashika ukingo wa meza ndipo nikabaki.

"Mimi sikujua kama na wewe unamkumbuka," akasema, akaanza kulia, na tulilia pamoja kwa mara ya kwanza, viazi vikapoa, na hakuna aliyeimba.

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, sitasimama tena kuomba katika hoteli yoyote, iwe ya chuo au ya mfalme. Hilo ni rahisi. Kiapo kigumu ni kile kingine, kwamba Wanja akija nyumbani nisiinuke mezani, nikae nizungumze habari za mama yake na mwenye haki ya kusikia. Namweleza vile mimi na mama yake tulivyokutana kwenye kuchuma kahawa, vile alivyokuwa mkali kwa watu wanaoingia na matope. Juzi akaniuliza sauti ya mama yake ilikuwaje alipokuwa akimwita kutoka shambani, kwa sababu amejaribu kuikumbuka na haiji. Nikafikiri sana. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikaa kimya muda mrefu mno, na hata kwangu haiji tena.