Mwanga Kwenye Ukuta wa Tate

Asubuhi ya leo gari yangu ilikataa kuamka, nami, nikuambie ukweli, nilifurahi kupata sababu ya kubaki nyumbani. Watu wa kwangu husema mafiga ya jikoni yanatembea kuliko mimi. Fundi akaja, akaiamsha kwa batri ya kuazima, kisha akagusisha nyaya mbili za kipimo chake cha umeme, ikawaka namba kumi na nne. "Katorze, mama. Alternatere iko nachaji muzuri. Ni batri tu ndiyo imezeeka, sawa na..." Akafunga boneti kwa heshima. Nilicheka, lakini kwa uchovu, maana kipimo kile kilikuwa kimenirudisha kwenye ukuta wa tate.

Tate, mama wa baba, ndiye aliyenilea hapa hapa Bunia. Ukuta wa nyumba yake ulipakwa chokaa, na jirani yetu, mwenye jeep ya kupeleka watu Nyankunde, hakuwa na kipimo kingine. Jua likizama, sombe, yaani kisamvu, ikitwangwa na mawese yakianza kunukia, aliegesha mbele ya ukuta, akawasha taa, akakanyaga mafuta. Mwanga ukipanda, alternatere inalisha batri. Ukibaki palepale, kesho hakuna safari. Ila hakuamua mwenyewe. "Mwenye gari huona kile moyo wake unapenda," alisema, na kazi ya kutazama ukuta akanipa mimi. Nilijiona waziri.

Mwaka fulani jicho moja la tate, lile pekee lililokuwa bado likiona, lilipata ukungu. Nyankunde alikuwepo daktari wa macho, mgeni, ambaye siku yake ya mwisho ya kazi ilikuwa kesho ya jioni ninayosimulia. Mimi ndiye niliyepaswa kumsindikiza tate na kukaa naye huko juma zima. Mimi, ambaye nikitumwa chumvi tu nilishikwa na hamu ya nyumbani kabla ya kufika barabarani!

Jirani akakanyaga. "Weye mutoto, mwanga iko napanda?"

Ukuta ulizidi kuwa mweupe mpaka nikahesabu nyufa zake. Mjusi alikimbia.

"Haiko napanda, papa."

"Angalia muzuri! Na sasa?"

"Iko tu vile vile."

Tate, kando yangu, alikuwa amejikunyata ndani ya kitenge chake.

Kesho yake jirani alishinda chini ya jeep. Aliifungua alternatere yote, akaifunga, akaifungua tena, akailaani, wala hakuona ubovu. Daktari akaenda zake. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata jicho lile lilizimika kabisa, na tate akawa anapapasa sufuria kama mgeni jikoni mwake.

Nilikuja kumwambia uongo wangu nikiwa mtu mzima, tunachambua maharage. Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Weye! Hata miye niliona mwanga inapanda. Nilikuwa naogopa kisu ya munganga."

Siku hiyo nilikula vizuri, mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Sasa ukuta umeanguka, jeep imekuwa chuma cha kuku kutagia, tate hayuko. Kipimo cha fundi hakiulizi jicho la mtu. Ni leo tu, namba ile ikiwaka, ndipo nilipokumbuka vizuri: taa za jeep zilimuumiza tate. Kila jirani alipoziwasha, alijifunika kitenge usoni, wala hakukiondoa mpaka motere inyamaze.