Verner Kvistad na Swali la Mara ya Tatu

Huku kwetu Skogby, kaskazini mwa Minnesota, mtu akikukaribisha kahawa unakataa. Unasema hapana, asante, nimekunywa nyumbani, hata kama hujatia kitu mdomoni tangu jana. Akikukaribisha mara ya pili unakataa tena, unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya, kidogo tu," na hapo unajaziwa kikombe mpaka ukingoni na kuwekewa keki pembeni. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mlafi. Anayekaribisha mara moja akanyamaza, huyo hakukusudia kukupa. Nimekua na utaratibu huu na sikuwahi kuuona wa ajabu, lakini majira ya baridi yaliyopita nusura uninyang'anye jirani.

Jirani mwenyewe ni Verner Kvistad, wa nyumba ya kijani ng'ambo ya barabara. Kwa miaka thelathini na sita aliendesha lori la kusukuma theluji. Kama ulizaliwa upande huu wa ziwa mwezi wa Januari, basi ni yeye aliyemfungulia mama yako njia ya kwenda hospitali. Ni mrefu, mabega yamepinda kwa kukaa kwenye usukani, na maneno huyatoa kwa kijiko cha chai. Ukimuuliza hali atakujibu, "Si mbaya." Siku aliyooa alisema si mbaya. Lori lilipopinduka mtaroni akavunjika mbavu mbili, nikaenda kumjulia hali, alikuwa amelala kama gogo, uso umemvimba. Si mbaya, akasema.

Furaha yote ya nyumba ile ilikuwa kwa mkewe, Ardis. Ardis aliipenda baridi kama wengine wanavyopenda harusi. Desemba ikiingia tu, anajaza ndoo maji na kuziacha nje. Maji huganda kuanzia pembeni, katikati yanabaki majimaji. Asubuhi anapindua ndoo, anamwaga yale ya katikati, anabaki na chungu cha barafu safi, na ndani yake anatia mshumaa. Alikuwa akipanga taa kama hizo thelathini kutoka mlangoni mpaka barabarani. Saa kumi na nusu jioni, giza linapotuangukia, nilikuwa nazitazama kwa dirisha la jikoni na kupata nguvu ya kuosha vyombo.

"Mimi nashinda naondoa barafu barabarani," Verner alikuwa akilalamika, "mke wangu anairudisha." Lakini mishumaa alikuwa akiwasha yeye. Nilimwona kila jioni, ameinama na kiberiti, akijitia hamnazo.

Ardis alifariki Oktoba, moyo, ghafla, kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Desemba ikaja na ule uwanja ukabaki giza.

Mimi naitwa Marlys. Nilipika shuleni miaka ishirini na minane, nimefiwa na mume miaka kumi na mmoja sasa, na watu husema nina ulimi mkali, jambo ambalo sikatai. Nilimpelekea Verner chakula kama ilivyo desturi, tambi na nyama za kuokwa, sinia baada ya sinia. Alipokea mlangoni, akashukuru, akafunga. Mapazia hayakufunguliwa. Ndevu zikaota. Ndani nilisikia televisheni ikitangaza hali ya hewa kutwa nzima, mtu mzima amekaa gizani anasikiliza habari za theluji ambayo si yeye tena wa kuisukuma. Niliogopa. Nimewahi kuona wajane wakizima polepole hivyo hivyo, na sikutaka yeye awe mmoja wao.

Wiki ya pili ya Januari nikapiga moyo konde. Nikavaa buti, nikavuka barabara na ndoo mbili mkononi.

"Verner, njoo tutengeneze taa."

"Hapana, Marlys. Asante."

"Jua limetoka. Njoo bwana, hata tano tu."

"Aa, usijisumbue." Kisha akaongeza, "Mambo ya ndoo yalikuwa ya Ardis. Mimi naharibu tu."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Vidole vilikuwa vinaniuma kwa baridi, na pua imeganda, na huyu mtu amesimama kwenye mlango wake wa joto ananiambia habari za kuharibu.

"Basi kaa humo ndani uote uyoga!" nikamwambia. Nikazitupa ndoo kwenye ngazi zake nikaondoka, na kwa siku kumi na tatu sikuvuka barabara ile. Sinia nilimtuma Duane Pelkonen, jirani wa upande wa chini, ampelekee. Nilijiona nina haki kabisa.

Jumanne moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa Joleen, binti yake Verner, ambaye ameishi Arizona miaka ishirini.

"Shangazi Marlys, nakuja Jumamosi. Baba amekubali kuhamia kwangu. Nakuja na karatasi za kuuza nyumba."

Nilikaa kwenye kiti bila kujua nimekaa. "Amekubali? Verner? Alisemaje hasa?"

"Nilimwambia, baba, njoo uishi na sisi huku kwenye jua. Akasema, 'Ukiona ni sawa.'"

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara ngapi vipi? Mara moja. Nilimuuliza, akajibu."

"Joleen, mwanangu, umekaa jangwani mpaka umesahau ulikozaliwa! 'Ukiona ni sawa' huku kwetu ni hapana. Ni hapana kubwa yenye kofia!"

"Basi kwa nini asiseme hapana?"

"Umewahi kumsikia akikukatalia wewe?"

Joleen akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba baba yake hatoki nje, hali chakula vizuri, na yeye yuko mbali. Kama kuna mtu wa kumtoa nje, angefurahi kusikia. Nikataka kumwambia kwamba nilijaribu, nilimuuliza mara... na neno likanikwama. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Njoo tutengeneze taa, moja. Njoo bwana, hata tano tu, mbili. Baada ya hapo nilimtukana nikaondoka. Mimi, niliyezaliwa Skogby, nilimwacha mtu kwenye mara ya pili.

Sikumaliza hata kufunga koti. Nilivuka barabara nikagonga mlango, na Verner alipofungua nilimwambia kabla hajapumua, "Verner, njoo tutengeneze taa za barafu."

Alinitazama. "Haya," akasema. "Kidogo tu."

Kisha akainama kuvaa buti, na bila kuinua kichwa akasema, "Nilidhani hutarudi."

"Nilikuwa nimekasirika."

"Nilisikia. Duane pia alisikia, na yeye yuko nyumba ya nne." Akasimama. "Njoo huku nyuma nikuonyeshe kitu. Ila usicheke."

Nyuma ya banda la gari kulikuwa na magogo ya barafu, niliyahesabu, ishirini na tatu, yamepangwa ukutani kama kuni. Yote yameganda mpaka ndani, magumu kama jiwe. Kando yake kulikuwa na ndoo saba zilizopasuka, mbili kati yake zikiwa zangu. Kumbe siku zile kumi na tatu nilizokuwa nimenuna, alikuwa akijaza ndoo peke yake nyuma huko nisikoweza kuona, asubuhi kwa asubuhi, na kuziacha mchana na usiku kucha.

"Sijui Ardis alikuwa anafanyaje," akasema. "Miaka arobaini na minne nimekaa naye na sikuwahi kumuuliza." Na macho yakamjaa machozi, pale pale nje, kwenye baridi ambayo hata machozi hayapati nafasi ya kutiririka. Nilimshika mkono. Kisha nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ile safu ya magogo ilikuwa kituko.

"Nilisema usicheke."

"Sikucheki wewe, nacheka ndoo zangu. Sikiliza. Alikuwa anaziweka nje saa kumi jioni, baada ya kahawa, na kuziingiza kabla ya kifungua kinywa. Kwa baridi kama hii hazihitaji zaidi ya hapo."

"Basi ndiyo sababu alikuwa akinifukuza mezani saa kumi," akasema Verner polepole, kama mtu aliyepewa jibu la kitendawili cha miaka mingi.

Jioni hiyo tuliweka ndoo sita. Asubuhi nilifika kabla kahawa haijachemka. Ya kwanza Verner aliikumbatia kifuani, akaipindua kwa pupa bila kuimwagia nje maji ya uvuguvugu kwanza ili barafu iachie taratibu, na chungu chote kikachomoka kwa mpigo. Maji yote ya katikati yalimwagika mapajani mwake mpaka kwenye buti.

Alitoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa. Nilimsukuma mlangoni, akaivua suruali ya jinzi aliyoivaa juu ya suruali ndefu ya ndani, akaitupa nje, na ndani ya muda wa kusema kwaheri ilikuwa imekakamaa kama ubao. Nilipoenda kuiokota ilikuja nzima, imepanua miguu, kiuno kimetanuka. Nikaisimamisha kwenye theluji. Ikasimama yenyewe.

Verner alikuwa dirishani na suruali yake ya ndani. Aliitazama suruali, suruali ikamtazama.

"Imepungua tumbo," akasema kupitia kioo.

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye theluji. Na yeye pia akacheka, kicheko chembamba cha kukwaruza, kama injini ya lori iliyolala nje wiki nzima, kisha kikashika moto. Alitoka na suruali nyingine, akaibeba ile iliyoganda mpaka barabarani, akaiwekea kofia yake ya kazini juu ya kiuno, akaisimamisha ikitazama njia.

Duane Pelkonen alipita na gari lake. Akapita, akasimama, akarudi kinyumenyume mpaka kwetu.

"Verner, huyu nani?"

"Msaidizi wangu."

"Anaongea kuliko wewe," akasema Duane, akaenda zake. Baada ya saa moja alirudi na ovaroli lake la kuvulia samaki, limelowa, akiuliza maji ya uvuguvugu au ya baridi ndiyo mazuri zaidi. Kufikia Ijumaa kulikuwa na suruali kumi na moja kando ya barabara, nyingine zimekaa kama zinangoja basi, nyingine zimepiga goti. Watu ambao hawakutoka nje tangu Krismasi walikuja kuzitazama, wakakaribishwa kahawa, wakakataa mara mbili, wakanywa. Verner alinyoa ndevu. Taa nazo tulizipatia. Tulizipanga ishirini na nane, na mishumaa aliwasha yeye.

Jumamosi saa kumi na moja jioni gari la kukodi likaja polepole barabarani. Joleen alishuka akiwa na koti jembamba la Arizona, akasimama katikati ya taa, akiitazama ile suruali yenye kofia ya baba yake. Alijifunika mdomo kwa glavu. Sikujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Ndani, mezani, mfuko wenye karatasi za kuuza nyumba ulikuwa miguuni pa Joleen. Mimi niliaga niondoke, wakanizuia mara tatu, nikabaki.

"Baba," akasema Joleen, "Shangazi Marlys ananiambia sikukuuliza vizuri. Sasa nauliza. Njoo ukae kwangu Arizona."

"Hapana," akasema Verner. "Asante."

"Kuna chumba chako. Kuna jua. Watoto wanakuulizia. Njoo baba."

"Usijisumbue, mwanangu."

Nilitazama bomba la maji kwa sababu sikuweza kutazama kitu kingine. Nilijua mila yetu kama ninavyojua jina langu, na nilijua jibu la mara ya tatu huwa ni lipi. Nilitamani Joleen asiulize. Nasema wazi, nilitamani, kwa sababu bila ile nyumba ya kijani mimi ningekuwa na dirisha linalotazama giza mpaka mwisho wa maisha yangu. Lakini yule ni binti wa Skogby, na alikuwa amekumbuka.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo. "Kweli, njoo."

Verner alizungusha kikombe mezani.

"Haya," akasema. "Kidogo tu."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi.

"Kidogo kiasi gani?" akauliza Joleen.

"Wiki moja. Aprili, taa zikishayeyuka. Huku ni matope tu wakati huo, hakuna anayenihitaji." Akafikiri. "Kabla ya hapo nina kazi nje."

Joleen alimkumbatia baba yake mezani pale, kahawa ikamwagika, na mfuko ule akausukuma kwa mguu chini ya kiti. Nilichukua kitambaa nikapangusa meza, nikapangusa hata pasipomwagika kitu, mpaka Verner akaniambia nitatoboa mbao.

"Marlys," akasema. "Na wewe twende. Hiyo wiki ya Aprili."

"Mimi? Hapana, asante."

"Joleen anasema kuna jua."

"Aa, usijisumbue," nikasema. "Nani atamlisha paka?"

Kisha nikachukua birika nikaanza kumimina kahawa polepole, kikombe chake, cha Joleen, changu, polepole kadiri nilivyoweza, ili apate nafasi.

Verner akapangusa mdomo. Akauliza.