Mikono Iliyozika Watu

Enzi za Mjerumani, huku Moshono, mtu wa kawaida akifa hakuzikwa, na asikudanganye mtu. Ndugu zake walimpaka mafuta, wakambeba hadi porini, fisi wakamaliza kazi. Kaburi lilikuwa la mzee mkubwa mwenye wajukuu wengi, basi. Na aliyegusa maiti alikuwa na unajisi, watu walimkwepa mpaka atakaswe. Ndipo dini ikaja na habari za kulaza kila Mkristo ardhini, na mchimbaji akatafutwa.

Akapatikana Parsimei. Kijana mrefu, mwenye kutamba na maneno mengi, aliyebatizwa akaitwa Thomasi. Mpagazi mmoja mgeni alianguka kando ya mfereji akafa, na watu wakawa wanazunguka mbali kuchota maji. Thomasi alikuwa amefundishwa kwamba mkubwa ni yule anayewatumikia wenzake. Akamwinua yule marehemu, akamzika, wala hakumwita mtu aje aone. Lo! Toka siku hiyo, Mkristo akifa tu: "Mwiteni Thomasi!" Ungedhani alizaliwa na jembe mkononi.

Vijana wa rika lake waliacha kula nyama naye. Hilo alilitarajia, akalimeza. Lililomuuma ni la kanisani. Solomoni, mwalimu wa dini, alihubiri unyenyekevu mpaka jasho likamtoka, lakini huyo huyo ndiye aliyemwambia Thomasi akae peke yake karibu na mlango, eti watu wasikose raha. Mkristo huyo, jamani! Thomasi alikaa alipoambiwa, akijisemea kwamba hatumiki ili asifiwe. Moyoni alikuwa na uchungu mwingi.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani: baraka ya mama yake, Nanyori. Kwao mzazi akikaribia kufa humtemea mwanawe mate kichwani, akimwombea mema. Asiyetemewa huhesabiwa kuwa ameachwa. Nanyori alikuwa hoi kitandani, mbavu zote nje, na habari za ubatizo hakutaka hata kuzisikia.

"Yeyoo," Thomasi alimwita mama kwa lugha ya kwao, "nibariki."

"Na mikono hiyo?" Nanyori akasonya. "Acha kuchimba. Usiguse maiti mpaka mwezi mpya uandame, utakaswe, halafu njoo nikubariki. Sina muda, mwanangu. Usinichezee."

Thomasi akakubali. Akalificha jembe darini, akabaki nyumbani kumhudumia. Mama akaanza hata kumtania: "Sasa unanukia kama mtu!" Wakacheka wote wawili. Mwezi ulikuwa karibu kuandama.

Ndipo Solomoni akasimama mlangoni, macho mekundu. Mkewe, Eunike, alikuwa amefariki katika uchungu wa uzazi, mtoto bado tumboni. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Hata yeye mwenyewe hakuthubutu, na hilo alilisema akiangalia chini.

"Thomasi, fisi watamla mke wangu."

"Chimba mwenyewe!" Nanyori alifoka kutoka ndani. "Huna mikono?"

Solomoni hakuondoka mlangoni. Thomasi alimchukia, alimchukia kweli, akatamani kumfungia mlango usoni. Kisha akamfikiria Eunike. Mama yule, kila Thomasi alipotoka makaburini, alimpa uji katika kibuyu chake mwenyewe, na akishamaliza, naye alikunywa humo humo. Thomasi akalishusha jembe. Alipokwenda kumweleza mama yake, mama alikuwa ameshageukia ukutani.

Alimzika Eunike, akanawa mpaka ngozi ikachubuka, akampelekea mama maziwa. Nanyori akafumba mdomo. Maziwa yakamwagikia shavuni, yakalowesha ngozi aliyolalia. Alibaki amempa mwanawe mgongo mpaka alipokata roho. Kisioki, mdogo wake Thomasi, ndiye aliyembeba mama porini. Thomasi alikatazwa hata kufuata nyuma.

Jumapili Solomoni alimwita mbele ya watu wote. Akasema wakitaka kujua unyenyekevu ni nini, wamtazame huyu. Wengine walilia. Thomasi alisimama, mikono nyuma, akingoja yaishe.

"Mungu atakubariki, ndugu yangu," Solomoni akamaliza.

"Nilitaka baraka ya mama," Thomasi akasema, akatoka nje.