Mwanamke wa Dirishani, Kidato cha Tatu

Kazi ya Pete ilikuwa kusimama kando ya mwalimu na kusema kwa mikono kila kitu ambacho mwalimu alikisema kwa mdomo. Ni kazi inayochosha mabega, na anayeifanya vizuri husahaulika: wanafunzi humtazama yeye saa nzima, kisha wakitoka nje wanazungumza habari za mwalimu.

Shule yenyewe ilikuwa ya serikali, pembezoni mwa mji, pale nyumba mpya zisizopigwa lipu zinapokutana na barabara ya lami. Kwenye ubao wa getini waliorodhesha walichonacho: sayansi, biashara, ushonaji, useremala, muziki. Chini kabisa, kwa rangi tofauti, paliongezwa "Kitengo cha Viziwi", herufi za mwisho zimebanana kwa sababu mchoraji aliishiwa nafasi. Kitengo hicho kilikuwa ni Pete, kabati moja la chuma, na wanafunzi saba wa kidato cha tatu waliosoma katikati ya wenzao arobaini wanaosikia.

Jina la Pete alipewa na hao saba, kwa sababu ya pete ya fedha aliyovaa kwenye kidole gumba. Ndivyo walivyompa kila mtu jina: walimtazama wiki moja, wakachagua kitu, basi. Mwalimu wa kemia alikuwa Masharubu. Msichana aliyewaongoza wenzake kwa masomo alikuwa Kidevu, kwa ajili ya kovu alilokuwa nalo hapo.

Lugha ya alama Pete hakujifunzia chuoni, ingawa cheti anacho. Alizaliwa ndani yake. Mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, hakusoma hata siku moja, na alama nyingi za nyumbani alizitunga mwenyewe jikoni. Alifariki miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, na Pete alikuwa akisema kwamba ameshamlilia, amemaliza.

Mambo yalianza muhula wa pili, kwenye kipindi cha kemia cha saa nne asubuhi. Pete aliona macho ya wanafunzi wake yakihama. Hayakuwa yamezubaa, mkalimani analijua jicho lililochoka. Haya yalifuatilia kitu kushoto kwake, hatua mbili hivi, karibu na dirisha. Aligeuka. Palikuwa na ukuta, pazia na jua.

Alidhani ni mwanga. Siku ya pili akafunga pazia, na macho yakaenda palepale. Siku ya tatu akaona amalize ubishi, akasogea akasimama dirishani yeye mwenyewe. Wote saba wakanyoosha shingo kama watu walioketi nyuma ya mtu mrefu. Kidevu akamwambia kwa mikono, bila ubaya wowote, "Sogea kidogo, mwalimu. Umemziba."

"Nimemziba nani?"

Kidevu akawatazama wenzake. "Mwenzako."

Pete akatabasamu, akarudi mahali pake. Watoto wa umri ule hupenda kumchezea mtu akili, alijiambia, na akaendelea kujiambia hivyo mpaka kipindi kikaisha.

Wiki hiyohiyo Masharubu aliuliza swali, na jibu lake lilikuwa mvuke. Alama ya kitabuni ya mvuke ni vidole vinavyopanda juu. Wale saba walijibu kwa alama nyingine: mkono unafunua kifuniko cha sufuria, na uso unarudi nyuma ukikwepa joto. Alama ile Pete hakuwahi kuitumia shuleni. Aliiona jikoni kwao tu, na mwenye nayo alikuwa mtu mmoja.

Jumatatu iliyofuata aliamka na homa, akaomba ruhusa. Jumanne aliporudi, Masharubu alimsubiri kwenye korido, daftari la Kidevu mkononi.

"Pole na homa," alisema. "Lakini dada yangu, ungeniambia kwamba umeleta mtu wa kushika nafasi yako."

"Sijaleta mtu."

"Basi soma hapa."

Masharubu alikuwa na tabia ya kufundisha huku akiandika ubaoni, mgongo kwa darasa, akizungumza na ukuta. Jana yake alifundisha hivyo kipindi kizima, akijua wale saba watanakili ya ubaoni tu. Lakini daftarini mlikuwa na kila alichosema kwa mdomo, hata maelezo ambayo hakuyaandika popote. Pembeni, kwa penseli, ulikuwepo utani alioutoa kuhusu mama mkwe wake na jiko la gesi.

"Huenda wenzao wanaosikia waliwaandikia," Pete alisema.

"Nimewauliza mmoja mmoja." Masharubu akashusha sauti. "Ule utani, darasa lilicheka. Nikageuka niwatulize. Na hao wako walikuwa wanacheka pamoja nao, wakati uleule. Wanatazama dirishani."

Tangu siku hiyo alifundisha akiwa amelikabili darasa, na dirisha hakulipa mgongo tena.

Saa ya mapumziko Pete alimwita Kidevu kwenye kile chumba cha kabati, akafunga mlango.

"Huyo wa dirishani anafananaje?"

"Mwanamke. Mwembamba. Ana gauni la kijani lenye mifuko miwili mbele." Kidevu akasita. "Mikono yake inaeleweka kuliko yako. Samahani."

"Anasema nini?"

"Anachosema mwalimu. Siku nyingine anakusema wewe. Anasema unaharakisha mno, hupumziki katikati ya maneno."

"Na mimi ananiitaje? Pete?"

"Hapana." Kidevu akashika ncha ya sikio lake, akaivuta polepole, mara mbili. "Hivi. Tulidhani unajua."

Pete aliketi sakafuni palepale. Alipokuwa mchanga, mama yake alimvuta sikio namna ile kila asubuhi, kwa furaha kwamba mtoto anasikia, na hilo ndilo likawa jina lake kwa mama. Baba hakulitumia. Hakuna mwingine aliyelitumia.

Jumamosi alikwenda kwa mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, akamkuta anapepeta mchele uani.

"Mama mdogo, mama aliwahi kufika kwenye ile shule ninayofanya kazi?"

Ungo ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Niambie wewe."

Mama mdogo aliokota chuya mbili tatu kabla ya kusema. "Alifagia pale miaka miwili, wewe hujazaliwa. Walimpa gauni la kijani. Akimaliza kufagia hatoki, anasimama dirishani anaangalia midomo ya mwalimu. Akirudi ananichorea hapa chini mambo aliyoyaona ubaoni, hata maana yake haijui. Siku moja mkuu wa wakati ule akamkuta, akamtoa kwa kumkokota mkono, wanafunzi wanacheka. Akaniapisha nisikwambie. Ile aibu, mwanangu, alikufa nayo."

"Gauni lilikuwa na mifuko?"

"Miwili, mbele. Kwani umeliona wapi?"

Pete alimsaidia kumaliza mchele, akaondoka.

Jumatatu aliingia darasani, akasubiri Masharubu aite majina. Macho ya wale saba yalikuwa tayari kushoto. Pete akapiga moyo konde, akaugeukia ukuta mtupu mbele ya watu arobaini na wanane, akasema kwa mikono, "Mama, hii kazi ni yangu. Wewe njoo ukae." Akaonyesha dawati lililokuwa wazi safu ya pili.

Hakuna kilichotikisika. Kisha macho ya wale saba yakaondoka dirishani. Yakapita mbele ya ubao, yakaingia njia ya katikati, taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na hakika kama ameruhusiwa. Msichana mmoja anayesikia, aliyekuwa amenyoosha miguu njiani, akaikunja kupisha, halafu akaiangalia kama vile haikuwa yake. Macho yakafika kwenye dawati, yakatulia.

Masharubu alikuwa ameshikilia chaki hewani. "Tuendelee?" aliuliza.

"Tuendelee, mwalimu. Polepole kidogo."

Tangu hapo hakuna aliyetazama dirishani. Pete alijifunza kupumzika katikati ya maneno. Dawati lile hakulikalia mtu. Mkuu wa shule alipotaka kulihamishia darasa jingine, maana madawati yalikuwa haba, Masharubu alimwambia lina mguu mbovu. Halikuwa na mguu mbovu.

Mwaka uliofuata, katika chumba kilekile, wale saba walifanya mtihani wa mwisho. Siku waliyorudisha vitabu, Kidevu alibaki nyuma.

"Ameshaondoka," alisema. "Jana, tulipomaliza karatasi ya kemia. Alijifuta mikono kwenye gauni, akapita mlangoni."

"Aliaga?"

Kidevu alifikiri. "Alikuwa anatazama ubao mpaka mwisho. Hakugeuka."

Pete alimshukuru, akapokea vitabu, akavipanga kabatini kwa namba. Baadaye alisikia kwamba wote saba walifaulu kemia, na kwamba Kidevu amekwenda kusomea ualimu.

Sasa kitengo kina wanafunzi tisa wapya, nao hakuna aliyewasimulia chochote. Wote humtazama yeye. Kuna siku, katikati ya sentensi, Pete hushusha mikono akanyamaza, akiangalia macho yao yataelekea wapi. Hayaendi popote. Yanabaki kwake, yakingoja neno linalofuata.