Tulipomfukua Binti Yetu

Barabara ya kwenda Karatina ilipopanuliwa, vigingi vya mkandarasi vilipita juu ya kaburi la binti yetu, ukingoni mwa shamba letu. Alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka sita. Kwa miaka kumi na moja nilipanda maua pale na kuzungumza naye kama mtoto aliyelala. Nilikuwa msomaji kanisani. Kila Pasaka nilisoma habari za kaburi tupu, na sauti yangu haikutetemeka hata siku moja.

Wachimbaji wawili walifika asubuhi pamoja na afisa wa afya. Mume wangu alinisihi nibaki jikoni. Nilikataa. Naona haya kusema, lakini nilitumaini kumwona. Si akiwa hai. Awe tu yeye, na nywele zake nilizozisuka mwenyewe.

Udongo wetu mwekundu hauachi kitu. Tulikuta mbao zilizooza, vifungo vitano vya sweta na soli ya kiatu kimoja. Mifupa ilikuwa michache, myepesi kama vijiti, na mizizi ya maua yangu ilikuwa imepenya katikati yake.

"Yuko wapi?" nilimuuliza mchimbaji mmoja.

"Mama, ni hii tu iko," alisema bila kunitazama. "Mtoto huisha haraka."

Nilipiga magoti, nikaanza kuzoa udongo kwa mikono na kuutia ndani ya sanduku jipya, kwa maana sikujua udongo upi ulikuwa yeye na upi ulikuwa shamba.

"Wacha sasa," mume wangu alisema, akinivuta bega. "Imetosha."

"Mungu atamtoa wapi?" nilipiga kelele. "Niambie! Atamtoa wapi?"

Padre alipokuja kubariki sanduku, nilimuuliza swali lile lile.

"Mama, sijui vile atafanya," alisema. "Mimi naamini tu."

Afadhali angenikemea.

Tulimzika tena juu kidogo, kando ya shamba la majani chai. Jumapili iliyofuata nilimrudishia katekista kitabu cha masomo. Misa bado naenda. Tunaposali Nasadiki na kufika kwenye ufufuko wa miili, mdomo wangu hujifunga. Mume wangu huyatamka maneno hayo kwa nguvu, huku amenikamata mkono hadi vidole vinauma. Sijui kama ananiombea au naye anaogopa, na sijathubutu kumuuliza.