Reli ya Mwenye Nyumba

Katika ukumbi wa nyumba yake pale Mchafukoge, mwenye nyumba alitandika reli ya vyuma vya miavuli, na kandokando akapanga vijiji vya viberiti vitupu. Kila treni yake ya kuchezea, ya kujazwa kwa ufunguo, ilipoacha reli na kubomoa kijiji, hakuigusa reli. Alilamba kidole, akakisogeza kijiji taratibu.

"Baba, si uinyooshe tu hiyo reli?" aliuliza Mama Severa, mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye mahali pake pa kulala palikuwa mikononi mwa mzee huyo.

"Reli imeshapangwa, mama. Wananchi ndio wanaohama."

Siku hiyo treni ilivipita vijiji vyote salama, ikajigonga mlangoni kwa Mama Severa. Mzee alichuchumaa, akautazama mlango kwa huruma.

"Mama Severa, kwani humo ndani mko wangapi?"