Ma-ordinateur ya Province Ilipita Kwetu Leo

Leo asubui nilitosha bantu inje mu mvua juu ya ma-ordinateur, zile kompyuta, yenye haikuwaka.

Mu kalasi yetu ya sita, hapa Lubunga, mu province ya Tshopo, njo mwenye banalala bantu benye balikimbia vita. Directeur wa masomo yetu akaniambia: "Mwalimu, ubatoshe inje. Province inaleta ma-ordinateur na antenne ya internet ku masomo yote, kila shule. Examen sasa itafanyika ku internet."

Mama Feza, mumoja wabo, na mutoto ku mugongo, akakunja mukeka, akatoka.

Bon. Bageni ba province bakafika, batoto bakaikala mbele ya machine. Courant ya kuiwasha hakuna.

"Muweke tu vidole, mufanye sawa munaandika," mwenye kupiga photo akasema.

Akapiga, na mimi nasimama mbele ya batoto. Kisha bakarudisha machine yote mu carton, bakaipeleka ku pirogue, mutumbwi yabo ku muto.

Nikauliza: inaenda wapi?

"Ku masomo ingine. Nabo banangoja photo."

Nikasikia aibu.

Saa hii photo iko ku page ya province ku internet: "Tshopo iko tayari." Munaniandikia félicitations, pongezi, juu niko nacheka pale mbele.

Muangalie dirisha nyuma yangu. Ule mwenye anachungulia ni Mama Feza.

Alikuwa ananiuliza kama anaweza kuingia.